Rangi Iko Njiani

Tunu, ulizaliwa Doncaster, Januari,
alfajiri, theluji imelala juu ya magari,
na ulikuwa mweupe.
Mweupe pe,
mwekundu kidogo puani, kama mtu aliyetoka kulia.
Mama yako mweusi. Mimi, wenzangu ghalani
huniita Makaa, nami huitika.

Nilikupokea kwa mikono miwili
na swali moja.

Mkunga Glenda, mwenye soksi zisizofanana,
alinitazama, akaitazama saa, akasema:
"Rangi iko njiani."
Hivyo hivyo huwajibu mimi wateja
wanaopiga simu kuulizia vifurushi.
Najua neno hilo. Huwa kweli,
na huwa vinginevyo.

Shangazi Mwanashuru alinifunza zamani:
usitazame shavu, shavu lina adabu;
tazama ncha ya sikio, tazama
ngozi inapokutana na kucha.
Basi kila nikitoka zamu ya usiku
nilikukagua kwa tochi ya simu,
mama yako amelala.
Nilidhani amelala.

Wiki ya pili ukingo wa sikio uliiva,
kama chapati iliyosahauliwa kwa pumzi moja.
Nikajiambia: ni kivuli cha pazia.

Akaja muuguzi wa kutembelea majumbani.
Akakugeuza, akaona baka la samawati kiunoni,
akaandika kitabuni: si jeraha, kazaliwa nalo.
Nikatamani aniandike na mimi:
shaka hii si ya leo, kaja nayo.

Nilimuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei,
rangi hurithiwaje.
Mimi nilijua rangi ni chai:
majani kiasi, maziwa kiasi,
ukionja unamjua aliyepika.
Akacheka. Ni mzigo, alisema,
uliofungwa na mikono mingi,
na mingine haina picha hata moja.
Wino wenyewe mtoto anao,
ila ndiyo kwanza anajifunza kuutumia.

Na ulijifunza, mwanangu, bila jua.
Februari nzima anga ilikuwa sufuria iliyofunikwa,
nawe ukapanda rangi kutoka ndani,
vidole, kisha magoti, kisha paji la uso,
bila kuniomba ruhusa.

Aprili ukawa maji ya kunde.
Si rangi yangu. Si ya mama yako.
Mamkwe alipokuona kwenye simu alipiga ukelele:
"Huyu Bi Kijakazi mtupu! Nyanya yangu!"
Mtu nisiyepata kumsikia,
kakaa miaka themanini ardhini
akisubiri Doncaster.

Nikacheka sana, zaidi ya kiasi.
Mama yako hakucheka.
Alikuinua, akakuweka begani,
akalisogeza sikio lako upande wangu,
kwenye mwanga wa dirisha,
taratibu,
akaniacha nitazame.