Kuosha Gumegume

Baruti haingoji kesho.
Ndivyo asemavyo Bwana Stauffer kila Januari,
theluji ikiwa bado kwenye nyusi zake,
na gumegume limelazwa juu ya meza ya jikoni
kama mgonjwa aliyefika bila miadi.

Kulungu hakupatikana.
Mjukuu wake, Lamar, alimshika kiwiko,
akafyatua mara moja tu, kwenye gogo,
ili asirudi Mifflinburg na mzigo ndani ya kasiba.

Mimi niliajiriwa kumpa vidonge, kumkata kucha,
kuandika presha yake asubuhi na jioni.
Mkataba hausemi lolote kuhusu bunduki.
Lakini mikono yake sasa inatetema,
kijiti cha meno kilimponyoka mara tatu
kabla hakijaliona tundu la cheche,
ndipo nikakitwaa, nikaziba.

"Kwanza mdeki." Kila mara, kwanza mdeki,
hata kama umeisikia ikilia kwa masikio yako.
Nautumbukiza mpaka ugonge chini,
natafuta alama aliyoichonga kwa kisu:
alama ikibaki juu ya mdomo,
ndani mna neno halijasemwa.
Leo imezama mpaka ukingoni. Tupu.

Maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka;
ya kuchemka huacha kutu kabla hujageuka.
Matone mawili ya sabuni ya vyombo, ile ya kijani.
Namimina kwa birika la chai,
naziba mdomo kwa dole gumba,
nainua, nainamisha, nainua,
na sinki jeupe la Verna linajaa wino,
harufu ya yai viza inapanda ngazi mpaka vyumbani.

"Dukani watakuuzia chupa ya dola kumi na nane," asema,
"ndani yake maji, sabuni, na uongo."

Mafuta ya mashine hayataki.
Yakikutana na masizi haya huwa lami.
Zamani alipaka mafuta ya nguruwe.
Nilipomwambia hayo siyagusi, hakuuliza kitu;
kesho yake akarudi na chupa ya zeituni,
na tangu hapo gumegume na kachumbari yangu
vinakula kwenye chupa moja.

Tatizo ni vitambaa.
Vitambaa ni gauni la kulalia la Verna,
flaneli, maua ya samawati,
miaka tisa tangu azikwe.
Kila msimu linapungua: upindo, kisha tumbo, kisha mgongo,
vipande vya mraba, vidogo kama stempu,
vinaingia na maua, vinatoka na usiku.
Leo nimefungua bati la biskuti
nikakuta mkono mmoja, wa kushoto,
na kifungo chake.

Nikashika mkasi.
Yeye akatazama dirisha.
"Alikuwa akinifukuza humu," alisema.
"Sinki langu, Orville! Sinki langu!"
Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza.
Mkasi ukabaki umeachama mkononi mwangu.

Nikaenda chumbani, nikaleta fulana yangu ya zamu,
yenye nembo ya wakala, iliyotoboka makwapa.
Nikaichana. Pamba ni pamba.
Kipande cha kwanza kilitoka cheusi,
cha pili cheusi vilevile, cha nne kijivu,
na nembo ya wakala ilishuka ndani ya kasiba
ikarudi haisomeki.
Cha saba kilitoka kama kilivyoingia.
Bwana Stauffer alikipeleka puani, akakinusa,
akatikisa kichwa: sawa, paka mafuta.

Sasa amelala, miguu juu ya mto.
Mkono wa gauni nimeurudisha kwenye bati,
nikabana kifuniko.
Nimebaki na brashi na magadi ya kuokea,
nasugua sinki, nasuuza, nasugua tena pale kwenye kona,
saa yangu ya kuondoka imepita dakika arobaini,
na doa moja, karibu na tundu la maji,
bado linabisha.