Jicho la Kushoto

Mchana natengeneza meno.
Magego ya kaure, ya watu nisiowaona kamwe,
majina yao tu juu ya bahasha:
Bi. Dejonghe, juu kulia, rangi ya pembe, si nyeupe mno.
Usiku nakutengeneza wewe.

Urefu wako ni kifundo cha kidole gumba.
Umegandishwa juu ya kizibo cha mvinyo,
wewe na farasi wako bati moja, mwili mmoja.
Kwanza nilikukwangua mshono wa kalibu
uliokupita kutoka utosini hadi kwatoni,
kovu ulilozaliwa nalo kabla ya vita yoyote.
Kisha nikakupaka weusi mtupu.
Kila mtu huanzia gizani,
hata wewe uliyenunuliwa kwenye kisanduku
pamoja na ndugu kumi na mmoja.

Rangi naizimua hadi iwe maziwa ya muuzaji mchoyo.
Tabaka moja, ngoja. La pili, ngoja.
Nje, mvua ya Kortrijk inacharaza bomba la paa,
na yule wa ghorofa ya juu anaburuta kiti.
Chuma sikipaki rangi ya chuma.
Nakipaka usiku, halafu samawati, halafu
kwa brashi kavu, karibu haina kitu,
nakupangusa mabegani
kama mtoto anayepelekwa kupigwa picha.
Hapo deraya huanza kung'aa.

Ngao yako nimeibuni mwenyewe:
korongo watatu wekundu katika manjano.
Wa tatu amekuwa bata.
Hakuna ukoo utakaonishtaki.
Kichokoo cha kisigino nimekitia dhahabu,
nukta moja, pumzi nimeizuia,
maana katika mji huu kila mtoto anajua
vichokoo vya dhahabu viliishia wapi.

Ndiyo. Nakupaka ili ufe.
Mimi ndiye Mfaransa wa kila Alhamisi,
kwa kuwa hapa hakuna mwingine anayekubali kuwa Mfaransa.
Ignaas ana wafumaji wake, marungu na mikuki,
na mkono wake wa kulia siku hizi unatetemeka,
kwa hiyo wafumaji wake nao nawapaka mimi,
kwa brashi hii hii.
Yule atakayekuangusha nimemtia ndevu.
Nimempa mashavu mekundu ya baridi.

Jicho huja mwisho.
La kulia lilikaa vizuri.
La kushoto, kiti cha juu kikaanguka,
na nukta ikateleza hadi pembeni.

Nikachukua kijiti nifute.
Nikakutazama chini ya kioo cha kukuzia.
Wenzako wote macho mbele, kama watu waliofundishwa.
Wewe unachungulia chini, kushoto,
kule Ignaas anakoweka kijito chake cha gundi ya buluu.
Nikakirudisha kijiti mahali pake.

Alhamisi. Ubao, kahawa, kikombe cha dadu.
Nimekuvisha kinga ya kila namna,
lakini ajali haina kinga,
na dadu ni ajali yenye nyuso sita.
Tukaenda mbio inchi nane, safu nzima.
Wa kulia kwako akazama. Wa nyuma yake akazama juu yake.
Ignaas akatikisa kikombe, maana kiganja hakimtii tena,
na hesabu ikakufikia.
Nilipoinama nikulaze, akanizuia.

"Huyu ameona."
"Ameona nini?"

Hakujibu. Akakushika, akakurudisha nyuma inchi moja,
ng'ambo salama ya maji,
kinyume cha kanuni tulizogombania miaka tisa.
Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka
hata ikaonekana ni wewe unayetetemeka.
Kisha akawaua wote waliobaki.

Leo Ijumaa. Gego la Bi. Dejonghe liko mezani.
Nimeichanganya rangi yake kwa zamu tatu
mpaka ikafanana na ile niliyobakiza juzi, tone moja,
nikaitia kinywani mwa farasi wako:
meno sita, yote mazima,
mdomo wazi.