Mizani ya Kiwanda cha Chai

Lile la zamani tulilipima kwenye mizani ya majani chai,
kule Kijura, jioni, karani ameshavaa koti la kwendea nyumbani.
Kilo mia nane na tisini,
na humo ndani mlikuwa na spana yangu namba kumi na tatu
niliyoipoteza mwaka wa mvua ya mawe.
Karani akacheka: hili si gari, ni gunia lenye taa.

Daktari Rwakaikara, mng'oa meno wa Fort Portal,
hakucheka. Alikuwa amelipa empaako,
jina la mapenzi, kama tunavyompa mtoto:
Akiiki.
Asubuhi alimsalimu kabla ya kumsalimu mkewe,
naye akaitikia kwa kikohozi, mara ya tatu,
choki imevutwa nusu, si zaidi.

Sasa limekuja jipya.
Limepanda lori toka Mombasa, likavuka Malaba
limefunikwa turubai kama bwana harusi anayeogopa vumbi.
Jekundu. Nembo ileile puani, makalio yaleyale mafupi,
na waliolichora wanaapa kwenye kijitabu chake
kuwa huyu ni mtoto wa yule.
Mtoto wa yule! Mimi niliyeosha kabureta ya yule kwa mswaki
nina haki ya kuuliza.

Mizani ikasema: elfu moja na sitini.
Karani ni yuleyule, ana mvi. Akatazama mara mbili.
Daktari akavuta tumbo ndani
kana kwamba yeye ndiye aliyenenepa.

Tukashika barabara ya Bundibugyo,
ile inayojikunja mlimani kama utumbo wa mbuzi,
ukungu kando, bonde la Semliki chini kabisa,
nyani wamekaa kingoni wakihesabu wapitao.
Hapa Akiiki alikuwa akikunong'oneza kila jiwe.
Kokoto au ganda la ndizi,
viganja vilijua kabla ya macho.
Hili lina adabu ya karani wa benki:
usukani laini, hauna umbea.
Nikasema, angalau linanguruma.
Daktari akabonyeza mahali, ngurumo ikazimika.
Ilikuwa ikitoka kwenye spika.
Tulinyamaza kona tatu nzima.

Lakini kona ya nne.
Sitasema uongo kwa sababu ya mapenzi.
Kona ya nne inateremka, lami ilikuwa mbichi,
na tuliingia kwa kasi ambayo Akiiki angetutupa kwa nyani.
Hili likainama kidogo, likashika,
likageukia kiunoni, pale hasa tulipokalia,
na Daktari akatoa sauti
ambayo sijaisikia kwake miaka kumi na mmoja.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema.
Ya kale ni dhahabu, walisema hao hao.
Hawakukaa kikao wakapatana.

Mbele kidogo kuna jiwe lililopakwa chokaa.
Hapo ndipo Akiiki alipoishia,
na goti la Kusemererwa, mdogo wake Daktari.
Mlango ule ulikuwa bati tu,
bati na rangi nzuri.
Jana nilifungua mlango wa hili jipya, kwa udadisi,
nikakuta chuma kimelazwa ndani, kinene kama mkono wa mpasua kuni.
Nikaanza kujumlisha: chuma hiki, mifuko ya hewa,
boriti chini ya viti.
Kilo mia na sabini
zikaanza kuwa na sura ya mtu.

Tuliporudi gereji alikuwa amekaa juu ya tairi, fimbo mapajani.
"Linafikia?"
Daktari akanitazama mimi.
Nikasema: ngurumo ni ya uongo, kona ni ya kweli.
Kusemererwa akafungua mlango, akakaa upande,
akauinua mguu wake kwa mikono miwili, akauingiza.
"Nipeni ufunguo."
Halina ufunguo, tukamwambia. Lina kitufe.
Akasonya.
Akakibonyeza.

Empaako bado hatujalipa.
Majina yetu ni machache, na moja lina mwenyewe.