Kielezi cha Bwana Shen

Jumanne na Alhamisi, jua likishazama Nala,
ndani ya kontena lililotobolewa madirisha
namfundisha mpimaji wa barabara Kiingereza.
Vumbi la kutwa bado limemkalia kwenye nyusi.

Leo vielezi. Vile vya hofu isiyo hofu kamili.
Nikamwambia: shika sifa, ifunge mkia wa "li",
itandike mgongoni mwa kitenzi, basi.
Akaandika: Natembea kwa wasiwasi.
Nakula kwa wasiwasi. Nalala kwa wasiwasi.
Nikampa vema mbili. Ya tatu kalamu ikasita.

"Mwalimu, na ninyi mwasemaje?"

Kiingereza kina droo nzima ya maneno hayo,
kila moja limepigwa pasi.
Sisi twaazima mwili:
shingo upande, roho juu, tumbo joto,
mtu kaketi
lakini matako hayajafika kitini.

Akacheka, hayo ya matako akayaandika pembeni.
Kisha akachora moyo, kichwani mwake neno juu;
moyo wa pili, kichwani mwake neno chini.
Kwao ndilo neno lenyewe, mioyo miwili
ikipishana kama ndoo za kisima kimoja.
"Na huo mkia wenu wa li," akasema,
"sisi twauandika kwa herufi ya ardhi."

Ardhi. Akanyamaza.
Akatoa mfukoni ripoti iliyokunjwa mara nne.
Kalvati ya korongo, ukuta wa kushoto,
ufa mwembamba, ukucha unaingia.
Mkubwa wake kaagiza: andika imekaguliwa, weka nukta.

Imekaguliwa vipi?

Mimi ni mwalimu wa lugha, zege silijui.
Ila ng'ombe wa Chidawali hupita pale,
na Sechelela wangu, na begi lake la shule.
Tukapekua kamusi mpaka jenereta ikakohoa.
Tulilolipata aliliandika kwa herufi nene,
likavuka mstari wa jedwali,
likaigusa sahihi yake.

Desemba, usiku wa manane, bati likaanza kunong'ona,
halafu likapiga kelele.
Simu ikawaka. Kutoka kwa Shen: neno moja tu,
halina kitenzi, herufi mbili zimekosewa.

Nikalisahihisha gizani, nikamrudishia,
nikasikiliza upande wa korongo,
nimeketi,
matako hayajafika kitini.