Jiwe la Mlango

Elfu ishirini mbili,
za mishahara miwili,
nimezibana kwa kweli,
mfukoni nikatia.

Ile yangu ya zamani
ilizima Shaabani,
na hesabu zi tumboni,
wenyewe wanalilia.

Mimi kazi ni hesabu,
za Bawazir na Rajabu,
duka la nguo, kababu,
na kinyozi yumo pia.

Madirisha ya kukodi
kutwa yanabisha hodi,
yakidai kodi, kodi:
hayo nimeyakimbia.

Linuksi ni ya bilashi,
haina choyo, si mbishi,
ila kipakatalishi
huchagua kuingia.

Hiki hakina sauti,
kile, neti hakipati,
kingine, kama maiti,
hakirudi kisinzia.

Linuksi ipo flashini,
buibui mikunjoni,
nikashukia mjini,
Digo Rodi kuingia.

Orofani kwake Badi
zimepangwa kwa idadi,
mitumba mia, zaidi,
vumbi limezilalia.

Akatoa ya fahari,
nyembamba, yenye johari:
"Dada, hii ndiyo gari,
kidole wapapasia!"

Nachomeka, ikawaka,
moyo wangu ukaruka;
neti kuisaka, saka,
kimya kikaitikia.

"Labda leo ni umeme,
hebu ngoja niizime."
Nikamwambia: "Ikome,
chipu yake yasusia."

Ya pili, kitu kitoto,
bei yake ni ya ndoto,
gigi mbili tu, majuto,
haina pa kutilia.

Badi akafuta jasho:
"Rehani, ni mchekesho!
Wapima mwanzo na mwisho
kama posa yakujia."

"Posa huwa na washenga,
wazee wakaipanga;
hii nikishaifunga
nani atanifidia?"

Walonifunza Linuksi
walinena: cha afisi,
kizito, kisicho kasi,
hicho kitavumilia.

Pale mwisho, kule nyuma,
kitu cheusi cha chuma
kimenyamaza, kizima,
mlango kikizuia.

"Hicho?" Badi akaguna,
"cha afisini, cha jana,
bawaba zinagombana,
wanunuzi hukimbia."

Nikachomeka kijiti:
neti yote, na sauti;
kikafumbwa, hakisiti
kurudi kuangalia.

Nikakipakata hapo
kama mwana wa mkopo;
feni, sauti ya popo,
gotini yanivumia.

Kasoro zipo: betiri
yaishia adhuhuri,
herufi N ni jeuri
mpaka kuibinyia.

"Thelathini!" akaanza.
"Kumbe sasa chapendeza!
Bei ya jiwe wakuza?"
mie nikamrushia.

Tukavutana; mwishoni
kumi na tisa mezani,
elfu tatu mfukoni
zarudi, nazishikia.

Nikishika ngazi: "Dada!
Lipo boksi la ziada,
zimelala hapa muda,
kwa kilo naziuzia.

"Kijiti hicho, jamani,
niazime, Bi Rehani,
nizifufue dukani,
kesho nitakuletia."

Nikakaa kunakili,
chai vikombe viwili;
ya kwanza ikakubali,
ya tatu ikazimia.

Sasa niko Kisauni,
waya upo ukutani,
chombo kipo mapajani,
hesabu nazipangia.

Diski yangu ilokufa,
nayo, waya kwenye ufa,
yatoa zote arifa:
kinyozi amenijia!

Kutia yangu saini,
N ikagoma njiani:
Rehai — siyo Rehani —
ndilo lililobakia.