Mpango Nyuma ya Bili ya Gesi

Muuguzi Lamara hakupoteza maneno.
Aliitazama mashine ya presha, akanitazama mimi,
akaitazama tena mashine kana kwamba mmoja wetu ni mwongo.
"Nanuli, nenda nyumbani ukaandike mpango.
Mwili, akili, roho. Safu tatu.
Insha sitaki. Nataka tarehe."

Jikoni kwangu karatasi tupu ni nadra.
Niligeuza bili ya gesi, nikapiga mistari miwili,
nikakaa nikiikodolea macho
kama mtu aliyealikwa karamuni
akakuta viti vitatu, na vyote ni vyake.

Mwili ulikuwa mwepesi kuandika.
Chumvi: nusu. Jibini: Jumapili tu.
Nikafuta "tu". Nikairudisha.
Ngazi: miaka ishirini na tisa hapa Chiatura
nimepandisha watu mlimani kwa kubonyeza kitufe cha kijani,
gari la waya likining'inia juu ya mto mweusi kwa manganisi,
wachimbaji wakipanda na usingizi, wakishuka na vumbi,
na mimi sijawahi kukanyaga hata kidato.
Sasa kuna gari jipya. Linajiendesha, halinitaki.
Nikaandika: vidato mia mbili na kumi na moja,
kila alfajiri, kwa miguu hii hii.

Kwenye akili kalamu iligoma.
Niliandika "kulala". Nikaandika "kuacha kuhesabu
madirisha yenye taa ng'ambo ya pili",
maana juzi yalikuwa manne.
Kisha mkono ukaandika wenyewe, bila kuniomba ruhusa:
"Kumpigia Tsiuri."
Dada yangu. Yuko Bari, Italia, anatunza wazee wa watu.
Miaka sita hatusemezani, kisa nyumba ya mama,
na nyumba yenyewe paa limeshaporomoka,
kunguru wameirithi bila wakili.

Roho.
Nilitaka kuandika "kanisani", Lamara afurahi.
Lakini naijua roho yangu ilikozoea kukaa:
ilikaa kifuani, kwenye ile sauti ya chini,
tulipoimba watatu, mama katikati,
Tsiuri juu akirukaruka kama cheche,
na mimi chini nimeshika sauti moja, moja tu,
kama anayeshikilia ngazi wenzake wakichuma zabibu mtini.
Hakuna anayemsifu mshika ngazi.
Ila akiachia, mtamjua.
Niliachia mimi.

Wiki ya kwanza, vidato arobaini.
Nilikaa kwenye theluji, moyo ukigonga kama mdai kodi.
Wiki ya pili, sabini na vitatu. Jibini, Jumatano.
Na Alhamisi.
Wiki ya tatu nilisimama kwenye cha mia na nne,
pumzi imekata, simu mfukoni,
nikaona heri nipige sasa
nikiwa sina pumzi ya kugombana.

Ililia mara tano. Akaitika kwa Kitaliano,
kisha akanyamaza: alitambua ninavyohema.
Nyuma yake nilisikia maji.
Alikuwa akimwogesha mzee, simu ameiweka rafuni.
Hakuna aliyetaja nyumba. Hakuna aliyesema samahani.
Mimi, sijui nani alinituma, nikaitoa ile sauti ya chini,
imepasuka, ina kutu,
na kule bomba likafungwa.

Hakuimba. Nisikudanganye, Lamara.
Alisema tu, "Umeanzia chini mno," vilevile kama zamani,
kisha mzee akalalamika baridi, akakata.

Jioni niliitoa bili nitie alama ya vema.
Nikaanza na mwili, mkono ukasita.
Nikahamia kwenye roho. Nikarudi.
Mwishowe nimeitia pembeni, nje ya mistari,
karibu na tarehe ya mwisho ya kulipia gesi,
ambayo, naona, ilipita juzi.