Zamu ya Saa Nane

Vihisi arobaini na kimoja tulivifunga
kwenye mizinga ya msituni, kusini mwa Sikonge,
kila kimoja kama kiberiti: betri mbili,
antena fupi, kifuniko tulichokipaka nta
ili nyuki wasikione kigeni.
Kazi yao kupima joto, kunusa moshi
miyombo ikikauka na wachoma nyasi wakianza.

Mwanzoni tuliviacha macho, usiku na mchana.
Siku ya kumi na mbili vikaanza kufa,
kimoja kimoja, bila kuaga.
Lushinge akapanda na mfuko wa betri mpya,
akashuka jicho moja limefumba kwa uvimbe.
"Wewe wa kompyuta," akasema,
"hebu vifundishe kulala."

Sikujua kwamba kusikiliza ndiko kunakokula.
Nilidhani ni kusema.
Kumbe redio iliyotega sikio kungoja neno
hula karibu sawa na inayonena,
na neno lenyewe pengine lisije hadi Jumanne.

Basi: sekunde mbili macho, dakika nne usingizi.
Jirani alale, jirani akeshe.
Kanuni hiyo sikuitafuta mbali.
Mama alikuwa muuguzi Kitete,
wiki hii usiku, wiki ijayo mchana.
Alfajiri alikabidhi wodi kwa mwenzake:
kitanda cha sita, dripu imebaki nusu;
kitanda cha tisa, mwangalie pumzi.
Kisha alivua viatu nje ya mlango wetu
na sisi watoto tukatembea kwa vidole
hadi jua lipinduke.

Betri zikafika mwezi wa tano, wa sita.
Nyuki wakatoa asali mara moja na nusu ya miaka yote,
ingawa hilo halikutokana na mimi.

Ila kihisi cha kumi na saba.
Saa yake ilitangulia, nusu sekunde kwa siku,
labda kwa joto la mzinga, labda ni kilema cha kuzaliwa.
Wiki haikuisha kikawa kinaamka
wenzake wote wamelala.
Kinasema: nyuzi thelathini na nne, hakuna moshi.
Kinangoja.
Kinasema tena. Nyuzi thelathini na nne. Hakuna moshi.
Hakikufa kwa kazi, kile. Kilikufa kwa kuita.

Nilikuwa naisoma kumbukumbu yake mezani,
Tabora, Cheyo, baridi ya Julai,
nikasikia swichi ya ukumbini,
kandambili, maji yakimiminwa kwenye kikombe.
Saa nane usiku.
Mama amestaafu mwaka wa tatu sasa
na mwili wake bado unaingia zamu.
"Kitanda cha sita?" akauliza ukuta.
Akangoja. Akauliza tena.
Na mimi, miezi mingapi, nimekuwa nikivuta blanketi
nikisema kesho nina kazi,
nikitunza chaji.

Asubuhi niliwapanulia sikio majirani wa kumi na saba:
sekunde tano badala ya mbili,
na kila alfajiri mmoja awasomee wengine saa.
Itatugharimu wiki tatu za betri.
Nikampigia Lushinge kumwambia atapanda mapema.
Akakaa kimya muda mrefu, nikasikia mbuzi nyuma yake.
"Sawa," akasema. "Ila nunua wavu wa uso.
Siyo ule wa bei rahisi."

Jana usiku nilitega saa: nane kasorobo.
Nikakaa ukumbini gizani, miguu ndani ya kanga.
Swichi. Kandambili. Maji.
"Kitanda cha sita?"
"Dripu imebaki nusu," nikasema.
Kikombe kikasimama hewani.
"Na cha tisa?"
"Anapumua vizuri. Amelala."
Akanitazama, sijui kama mwanawe au kama mwenzake wa wodi,
akaweka kikombe mezani.
"Haya," akasema, "nimekukabidhi,"
akarudi chumbani
na taa akaizima mwenyewe.